Maswali na Majibu: Kikoa Ulichonunua na Alama ya Biashara ya Mtu Mwingine

Barua zilizofika mezani kwetu safari hii zimetoka kwa watu wanaonunua na kuuza majina ya vikoa vya intaneti, yaani yale majina yanayoandikwa kwenye kivinjari ili kufikia tovuti. Kwa kuwa baadhi ya walioandika wamekwisha kulipa fedha walizozihangaikia, nimeona afadhali nijibu machache kwa kirefu kuliko kugusa kila barua juu juu. Majibu haya hayachukui nafasi ya wakili atakayezisoma nyaraka zako mwenyewe.

SWALI: Ndugu Mshauri, mwaka jana nilinunua kikoa cha .com kwenye mnada wa mtandaoni. Muuzaji alinionyesha kwamba kikoa hicho kilisajiliwa mara ya kwanza mwaka 2003, ilhali kampuni yenye jina linalofanana nacho ilisajili alama yake ya biashara mwaka 2014. Aliniambia, "Una miaka kumi na moja mbele yao, hawakuwezi." Sasa mawakili wa kampuni hiyo wameniandikia wakitaka niwaachie bila malipo. Je, tarehe ya 2003 hainikingi?

*Msomaji aliyenunua mnadani*

JIBU: Ndugu yangu, nasikitika kusema kwamba tarehe hiyo ilimkinga mwenye kikoa wa mwaka 2003, na kinga yake aliondoka nayo siku alipokiuza. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote katika biashara hii, na wauzaji hulieneza, wengine kwa kutojua na wengine kwa kujua vizuri kabisa.

Migogoro mingi ya vikoa vya .com, .net, .org na vingine vya aina hiyo huamuliwa kwa utaratibu unaojulikana kwa herufi UDRP, ulioidhinishwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linaloratibu mfumo wa majina ya intaneti. Utaratibu huo umo ndani ya mkataba ulioukubali ulipobofya kitufe cha kusajili kikoa au kukihamishia kwako, hata kama mkataba wenyewe hukuusoma. Mwenye alama ya biashara akikulalamikia, hana budi kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba kikoa chako ni sawa na alama yake au kinafanana nayo kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba huna haki wala maslahi halali katika jina hilo, na kwamba ulikisajili, na unakitumia, kwa nia mbaya. Likimshinda hata moja kati ya hayo, malalamiko yake yanatupwa.

Tarehe inaingia katika jambo la tatu. Mtu aliyesajili jina mwaka 2003, kwa kawaida, hawezi kuwa alikuwa akiivizia alama ambayo haikuwapo, isipokuwa pale ambapo ushahidi unaonyesha kwamba alinusa habari za kampuni mpya au za kampuni mbili zinazokaribia kuungana, akawahi jina kabla ya wenyewe. Mtu huyo aliendelea kuwa salama kila alipolipia upya, kwa sababu majopo ya waamuzi, yaani mwamuzi mmoja au watatu wanaoamua malalamiko ya UDRP, hayahesabu malipo ya kuendeleza kikoa kuwa usajili mpya. Lakini kikoa kikitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine asiyehusiana naye, majopo huichukua siku ya uhamisho kuwa ndiyo siku ya usajili kwa mwenye mpya. Kwa hiyo wewe utaulizwa: siku ile ulipothibitisha bei kwenye mnada ulijua nini, na ulikuwa unakitakia nini kikoa hicho? Siku hiyo alama ya kampuni ilikuwa imeshapita miaka mingi sokoni.

Yapo mazingira ambamo tarehe ya zamani hubaki hai. Kikoa kikihama kutoka jina lako kwenda jina la kampuni yako, au kutoka kwa mzazi aliyefariki kwenda kwa mwanawe anayeendeleza biashara ileile, na nyaraka zikionyesha kwamba umiliki haukukatika, jopo linaweza kuihesabu tarehe ya kwanza. Ununuzi wa mnadani haumo katika kundi hilo.

Hata hivyo usikikabidhi kikoa kwa woga. Kampuni bado ina mzigo wa kuthibitisha kwamba uliilenga. Jina likiwa neno la kawaida, au herufi tatu ambazo kampuni nyingi huzitumia, nawe ulilinunua kwa thamani ya neno lenyewe, una hoja ya kweli ya kujitetea. Likiwa neno la kubuni ambalo halina maana yoyote nje ya bidhaa za kampuni hiyo, hoja hiyo ni nyembamba mno, na mimi nisingekushauri uitumie fedha zaidi.

Tafuta pia tangazo la mnada wenyewe na kila barua pepe mliyoandikiana na muuzaji. Niliwahi kusoma malalamiko ambayo kiambatisho chake chenye uzito kuliko vyote kilikuwa nakala ya tangazo la kuuza kikoa, lenye mstari mmoja uliopigiwa rangi ya njano: "Mnunuzi wa mwisho anajulikana, ana fedha." Aliyeuandika alikuwa muuzaji, na aliyebanwa nao alikuwa mnunuzi, kwa kuwa alinunua baada ya kuusoma. Kama tangazo lako lina maneno ya namna hiyo, mweleze wakili wako mapema, kabla upande wa pili haujayaibua.

Jambo la mwisho kwako, na kwa wote wanaonunua vikoa vya nchi: kipimo si kimoja kila mahali. Kwa vikoa vya .uk na vya .eu, mlalamikaji hahitaji kuthibitisha usajili mbaya pamoja na matumizi mabaya, kwani kimojawapo kinatosha. Jina linaloweza kusalimika kwenye .com laweza kupotea kwenye .uk kwa ushahidi uleule.

SWALI: Nikitafuta jina kwa msajili wa vikoa na mfumo ukaniambia kwamba lipo wazi, je, hiyo si ruhusa ya kulisajili na kuliuza?

*Msomaji anayeanza*

JIBU: Si ruhusa. Mfumo wa msajili huangalia kitu kimoja tu, kama mfuatano huo wa herufi umekwisha kuchukuliwa, na haufungui daftari lolote la alama za biashara. Katika masharti ya UDRP, anayesajili ndiye anayetamka kwamba, kwa kadiri ajuavyo, usajili wake hauingilii haki ya mtu mwingine, na kwamba kazi ya kuhakikisha hilo ni yake.

Shauri la kwanza kabisa la utaratibu huo lilihusu jina lililokuwa wazi. Mnamo Oktoba 1999 mtu mmoja huko Marekani alisajili worldwrestlingfederation.com, na siku tatu baadaye akawaandikia wenye alama hiyo ya mieleka akitaka kuwauzia kwa dola 1,000. Malalamiko yalifikishwa Desemba mwaka huohuo katika Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, na Januari 2000 jopo likaamuru kikoa kihamishiwe kwa mlalamikaji. Udogo wa bei haukumsaidia. Naomba lizingatiwe na wale wanaodhani kwamba kosa ni kutaka fedha nyingi: kosa lake lilikuwa kuchukua jina ambalo thamani yake yote ilijengwa na mtu mwingine, kisha kumrudia mtu huyohuyo na kumtaka alinunue.

Huko Marekani iko pia sheria ya mwaka 1999 ya kupambana na uvamizi wa majina, ambayo inairuhusu mahakama kutoza fidia ya kuanzia dola 1,000 hadi dola 100,000 kwa kila kikoa, bila mlalamikaji kulazimika kuthibitisha hasara aliyoipata. UDRP hautozi fidia, mahakama inaweza.

SWALI: Mpendwa Mshauri, nina kikoa cha .com ambacho ni neno la kawaida, jina la tunda, na nimekaa nacho miaka tisa. Mwezi uliopita mtu asiyejitambulisha aliniuliza bei kwa barua pepe. Nikamjibu dola 25,000. Wiki mbili baadaye nikapata barua kutoka kwa mawakili wa kampuni moja ya programu za simu yenye jina hilohilo, wakisema kwamba jibu langu ni ushahidi wa nia mbaya. Je, kutaja bei ni kosa?

*Msomaji mwenye tunda*

JIBU: Kutaja bei si kosa. Kinachokatazwa ni kusajili au kununua kikoa kwa lengo hasa la kumuuzia mwenye alama, au mshindani wake, kwa bei inayozidi gharama zako zinazothibitika. Mtu aliyesajili jina la tunda kwa sababu ni jina la tunda anaweza kuliuza kwa bei itakayopatikana, na anaweza kukataa kuliuza, kama mwenye kiwanja kizuri anavyoweza kukataa. Ukweli kwamba waliokutafuta ni wao, wala wewe hukuwabishia hodi, unakusaidia. Na kama programu zao zilianza baada ya wewe kusajili, unakusaidia zaidi, kwa kuwa wewe hukununua mkononi mwa mtu kama msomaji wetu wa kwanza.

Kinachonitia wasiwasi kiko kwingine. Nilipopokea barua yako nilikifungua kikoa chako. Ukurasa uliojitokeza ulikuwa wa matangazo ya kubofya, ule unaowekwa na kampuni za kuegeshea vikoa, na ulikuwa na viungo sita. Viwili vilihusu matunda na mbegu. Vinne vilihusu programu za simu, na kimoja katika hivyo vinne kilitaja kwa maneno yake huduma ileile inayouzwa na kampuni inayokuandikia. Najua kwamba hukuviandika wewe, kwamba mtambo huvichagua wenyewe kutokana na yale watu wanayoyatafuta. Majopo yanalijua hilo pia, na msimamo wao ni kwamba mwenye kikoa huwajibika kwa kinachoonekana kwenye kikoa chake hata kama kimewekwa na mtambo. Unasema una jina kwa ajili ya tunda, huku ukurasa wako unakusanya senti kutoka kwa watu wanaoitafuta kampuni. Yazime matangazo hayo leo, ingawa yaelekea picha za ukurasa wanazo tayari, na ukiulizwa eleza kama yalivyokuwa bila kuficha.

Ili uelewe kwa nini matangazo yana uzito hivyo, kumbuka kwamba alama ya biashara haimpi mtu neno zima. Humpa neno kwa bidhaa au huduma fulani. Mpango wa kimataifa wa Nice hugawa bidhaa na huduma katika madaraja 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, na alama husajiliwa ndani ya daraja moja au kadhaa. Kampuni ya Apple ina nguvu kubwa juu ya neno hilo katika kompyuta na simu, lakini muuza matufaha wa Uingereza hajavunja sheria kwa kuyaita matufaha yake kwa jina lake la Kiingereza. Alama zenye umaarufu mkubwa hulindwa hata nje ya madaraja yake, ni kweli. Hata hivyo, ukikaa upande wa maana ya asili ya neno, umekaa mahali pa halali.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu ni wa nissan.com. Uzi Nissan, ambaye Nissan ni jina la ukoo wake, alikisajili mwaka 1994 kwa ajili ya kampuni yake ya kompyuta. Kampuni ya magari ikamshtaki mwaka 1999, na kesi ikaendelea kwa miaka. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufaa ya Marekani ilikubali kwamba matangazo yaliyohusu magari kwenye tovuti yake yaliingilia alama ya kampuni hiyo, huku matangazo ya mambo mengine hayakuingilia. Kikoa kilibaki chake. Lakini soma tena sentensi iliyotangulia hiyo, kwa sababu mstari uliochorwa na mahakama ulipita palepale kwenye matangazo.

Wasomaji hupenda pia kuulizia majina ya wasanii, na mashauri mawili ya mwaka 2000 yanatoa jibu. Mwanamuziki Sting alidai sting.com akashindwa: jopo liliona kwamba neno hilo ni neno la kawaida la Kiingereza, na nia mbaya haikuthibitishwa. Madonna alidai madonna.com akashinda, ingawa neno hilo nalo lina maana ya zamani sana, ile ya Mama wa Yesu. Mwenye kikoa alikuwa amekinunua kutoka kwa mtu mwingine mwaka 1998 kwa dola 20,000, akaweka picha za ngono, na kwa kujihami akawa amesajili neno hilo kama alama ya biashara huko Tunisia. Jopo halikuiona alama ya Tunisia kuwa maslahi halali, kwa sababu iliombwa ili kulinda kikoa tu. Kikoa kikahamishwa, na dola zake 20,000 zikapotea nacho. Wengi bado wanauziana mbinu hiyo ya kukimbilia kusajili alama katika nchi ya mbali kana kwamba ni kinga mpya. Ilishajaribiwa, na imeshindwa.

Katika jibu lako kwa mawakili, basi, eleza ulisajili lini, kwa maana gani, na kwamba wao ndio walioanza kuuliza bei. Usiandike kiasi kingine. Na kama wanajua kwamba alama yao ilizaliwa baada ya kikoa chako, wakakulalamikia hivyohivyo, jopo lina uwezo wa kutamka kwamba malalamiko yalitumiwa vibaya ili kumnyang'anya mtu kikoa chake. Tamko hilo haliambatani na faini, lakini huchapishwa pamoja na jina la mlalamikaji, na kampuni makini haipendi kuonekana humo.

SWALI: Ninatengeneza printa za chapa moja maarufu na kuuza vipuri vyake. Kikoa changu kina jina la chapa hiyo likifuatiwa na neno "vipuri". Sasa nataka kukiuza, na wapo wanaonipa bei nzuri. Kuna tatizo?

*Fundi*

JIBU: Wakati unakitumia kwa kazi hiyo, yawezekana uko salama. Mwaka 2001, katika shauri la okidataparts.com, jopo lilisema kwamba muuzaji wa bidhaa za chapa anaweza kuwa na maslahi halali katika kikoa chenye jina la chapa hiyo iwapo anaziuza kweli, anauza hizo tu bila kuwavutia wateja ili awauzie za mshindani, anaeleza wazi kwenye tovuti uhusiano wake na mwenye chapa, na hajajikusanyia vikoa vyote vya namna hiyo hadi mwenyewe akakosa. Majopo ya baadaye yamevitumia vipimo hivyo hata kwa wauzaji wasio na mkataba na mwenye chapa, na kwa watoa huduma za matengenezo.

Tatizo linaanza unapotaka kuuza kikoa peke yake. Haki uliyo nayo imetokana na kazi unayoifanya, na mnunuzi asiye na printa hata moja hawezi kuirithi. Kinachobaki mkononi mwake ni jina la chapa ya watu. Ukiuza karakana pamoja na kikoa, na mnunuzi akaendelea na kazi ileile kwa masharti yaleyale, hapo kuna la kusema. Nje ya hapo, bei nzuri unayopewa ni bei ya kitu ambacho si chako kukiuza, na nakuomba usiipokee. Na kama una mkataba wa uwakala, usome kwanza, maana mingi hukataza kabisa kusajili jina la chapa ndani ya kikoa.

SWALI: Je, nikikaa na kikoa bila kuweka chochote, wala tovuti wala tangazo, nitasemwaje kwamba ninakitumia vibaya?

*Msomaji mvumilivu*

JIBU: Swali hilo lilijibiwa Februari 2000 katika shauri la telstra.org, lililoletwa na Telstra, kampuni ya simu ya Australia. Aliyekisajili hakuwa ameweka chochote. Jopo lilisema kwamba hata kukaa kimya na kikoa kunaweza kuhesabiwa kuwa matumizi kwa nia mbaya, likiangalia kwamba alama hiyo ilikuwa mashuhuri, kwamba mwenye kikoa alificha utambulisho wake na kutoa anwani za uongo, na kwamba haikuwezekana kufikiria matumizi yoyote halali ambayo angeyafanya. Kwa neno la kawaida ukimya ni ukimya tu. Kwa jina la kampuni mashuhuri, ukimya hutazamwa kama kuvizia.

SWALI: Mshauri, mimi ni mnunuzi. Nina fedha za kununua vikoa vichache kwa mwaka na sitaki kuingia matatani. Nifanye uchunguzi gani kabla ya kulipa, na mkataba uwe na nini?

*Mnunuzi mwangalifu*

JIBU: Kabla ya hifadhidata yoyote, jiulize jambo moja ukiwa peke yako: mtu akilisikia jina hili, anaona nini akilini? Akiona kitu, kama tunda, kazi, mji au rangi, endelea. Akiona kampuni, acha, hata kama bei ni ya kutupa. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu nimeona watu wakitumia wiki nzima kutafuta tundu katika sheria kwa ajili ya jina ambalo jibu lake lilikuwa wazi tangu sekunde ya kwanza.

Jina likipita hapo, litafute katika hifadhidata ya alama ya WIPO, ambayo haina malipo na hukusanya kumbukumbu za nchi nyingi, kisha katika daftari la nchi ambako biashara ya jina hilo inaelekea kuwapo. Tafuta na maandishi yanayokaribiana nalo, herufi iliyorudiwa, herufi iliyoachwa, maneno mawili yaliyounganishwa, maana kikoa kinachotegemea kosa la kuchapa la mtumiaji ni miongoni mwa vinavyopotea upesi kuliko vyote. Usiishie kwenye madaftari. Katika nchi kama Marekani na Uingereza, haki ya alama huweza kujengeka kwa kutumika sokoni bila kusajiliwa, na UDRP huitambua, hivyo utafutaji wa kawaida kwenye intaneti unaweza kukuonyesha mwenye haki ambaye daftari halimwoni.

Kisha chunguza maisha ya kikoa chenyewe. Internet Archive huhifadhi kurasa za zamani za tovuti nyingi, na nusu saa ya kuzipitia inakwambia kama kikoa kilikuwa duka la mtu aliyesahau kulipia, ukurasa wa matangazo ya washindani, au tovuti iliyojifanya kuwa ya kampuni fulani. Duka lililosahau kulipia ni hatari ambayo wanunuzi wa vikoa vilivyoisha muda huidharau: jina limedondoka, lakini haki ya mwenye duka katika alama yake haikudondoka nalo. Maamuzi ya majopo nayo huchapishwa wazi, kwa hiyo tafuta jina la muuzaji humo. Mtu aliyewahi kunyang'anywa vikoa vya chapa mara kadhaa anakuuzia na historia yake. Vilevile ukinunua vikoa kwa fungu, toa vibovu kabla ya kulipa, kwa kuwa kumi vizuri havisafishi viwili vya chapa za watu. Viwili hivyo ndivyo vinavyochafua kumi.

Andika siku hiyohiyo sababu ya kununua: maana ya neno, matumizi unayoyakusudia, matokeo ya utafutaji wako, pamoja na tarehe. Miaka mitano baadaye jopo likiuliza ulikuwa unafikiri nini, karatasi hiyo ina uzito ambao kumbukumbu yako ya mdomo haina.

Mkataba uwe na tamko la muuzaji kwamba hajapokea barua, madai wala malalamiko yoyote kuhusu kikoa hicho, na ahadi ya kurudisha fedha ikithibitika kwamba aliyapokea akanyamaza. Ahadi hiyo ina thamani sawa na mfuko wa aliyeitoa, kwa hiyo kwa muuzaji usiyemfahamu usiitegemee kupita kiasi. Fedha zipitie kwa mtu wa kati anayezishikilia mpaka kikoa kionekane kwenye akaunti yako, si mpaka muuzaji aseme kwamba amekituma. Ukiambiwa kwamba kikoa kimefungwa na msajili kwa muda kutokana na "jambo dogo la kiufundi", taka maelezo kwa maandishi kabla ya kuendelea, maana malalamiko ya UDRP yakishafunguliwa msajili hukifunga kikoa kisihamishwe.

SWALI: Nimepokea malalamiko rasmi ya UDRP. Rafiki ananishauri nimhamishie kaka yangu kikoa haraka. Nifanye hivyo?

*Msomaji mwenye haraka*

JIBU: Usifanye. Masharti yanakataza kumhamishia mtu mwingine kikoa wakati shauri linaendelea, na kwa siku 15 za kazi baada ya kumalizika, na yaelekea kikoa chako kimekwisha kufungwa. Jaribio lenyewe litasomwa kama dalili ya nia mbaya, na litamwingiza kaka yako katika jambo lisilomhusu.

Una siku 20 za kujibu, kuanzia siku shauri lilipoanza rasmi, na unaweza kuomba siku nne zaidi, ambazo hutolewa bila mabishano. Zitumie. Mashauri mengi hupita bila jibu lolote kutoka kwa mlalamikiwa, na ingawa kukaa kimya hakumpi mlalamikaji ushindi wa moja kwa moja, jopo hubaki na upande mmoja tu wa habari. Kujibu mbele ya mwamuzi mmoja hakutozwi ada. Mlalamikaji ndiye anayelipa, na huko WIPO ada hiyo ni dola 1,500 kwa kikoa kimoja hadi vitano. Ukitaka waamuzi watatu wakati yeye ameomba mmoja, ada hupanda hadi dola 4,000 na nusu yake utailipa wewe. Kwa kikoa cha neno la kawaida chenye thamani kubwa gharama hiyo mara nyingi inastahili, na kwa kikoa cha chapa ya mtu haistahili.

Jopo likiamua dhidi yako, linaweza kuamuru mambo mawili tu, kikoa kihamishwe au kifutwe. Msajili husubiri siku 10 za kazi kabla ya kutekeleza, na ukifungua kesi ndani ya siku hizo katika mahakama iliyotajwa kwenye malalamiko, ukampelekea msajili uthibitisho, utekelezaji husimama. Kwa hiyo mtafute wakili sasa hivi, siku 20 zikiwa bado mbele yako.